Moza wa Mbili na Moza wa Tatu

Bi Moza wa Wingwi alizaa watoto wa kike wawili, na kila mmoja wao alipojifungua binti alimpa jina la mama yake. Hawakushauriana. Mkubwa alijifungua hapo hapo Wingwi mwezi wa Rajabu, mdogo akajifungua Wesha miezi mitano baadaye, na habari ilipofika kwamba kaja Moza mwengine, bibi mtu alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya," akasema, "mie sasa nshakuwa watu watatu."

Watu wa jina moja huwa masomo, na somo si mtu wa kuchezewa. Humwiti kwa jina lake, humwita "somo". Akija kwako unamkirimu, na ubaya humfanyii, kwa sababu ubaya unaoufanya kwa jina lako utarudi kulitafuta jina hilo hilo. Moza mjukuu, yule aliyezaliwa Wingwi, aliyajua hayo tangu anajifunza kuzungumza. Hayakumpa taabu, maana somo yake alikuwa Wesha, na kutoka Wesha mpaka Wingwi ni mbali ya kutosha mtu kumpenda mwenziwe bila ya kuchokana. Walionana Sikukuu kwa Sikukuu, wakapakana hina, wakagawana visheti, wakaagana.

Siku nyengine zote Moza alikuwa mmoja. Alilala kitanda kimoja na bibi yake tangu alipoachishwa ziwa, ingawa nyumba ya wazazi wake ilikuwa ng'ambo ya uwa tu. Yeye ndiye aliyemtungia bibi uzi kwenye sindano na kumkata kucha kila Alhamisi. Skulini napo, mwalimu akiita "Moza", mtu mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa, na mara nyingi aliitwa kwa jambo jema.

Januari ile somo akaja na begi lake. Mama yake alikuwa amekwenda Maskati kufanya kazi, mkataba wa miaka miwili, na baba yake ni mtu wa kupakia mizigo bandarini, hana saa ya kutoka wala ya kurudi. Mtoto wa kike hawezi kukaa peke yake. Bi Moza akampokea kwa vigelegele, akamlisha, akamwambia atie begi lake chini ya kitanda. Kisha akamgeukia mjukuu wake wa Wingwi.

"Kitanda hichi hakichukui watatu, somo. Mwenzio mama yake hayupo, alale na mie. Weye wa kwako yu hapo uwani, ukimtaka wamwita."

Moza akatandikiwa godoro ukumbini. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mwenyeji hakupona, alihamishwa. Usiku ule alijifunika shuka gubigubi akajiambia ni wiki mbili tatu tu, lakini moyo haukukubali, kwa sababu moyo unajua kuhesabu, na miaka miwili si wiki tatu.

Ndipo ikaja habari ya Chake. Mwalimu Fahmi, kijana mwembamba aliyewafundisha kemia Kidato cha Pili, alitangaza kwamba kutakuwa na mashindano ya sayansi Chake Chake, na kila skuli itapeleka mwanafunzi mmoja wa kemia. Mmoja tu. Atakwenda yule atakayeongoza mtihani wa mada iliyokuwa inaanza wiki ile: kutaja majina ya kampaundi za ayoni, yaani vitu vinavyopatikana metali inapotoa elektroni zake na kumpa mwenziwe asiye metali.

Moza aliifikisha habari hiyo nyumbani kabla hajavua viatu. Bi Moza alikuwa anakuna nazi. Akaacha kukuna.

"Chake? Mbele ya watu?" akauliza. "Basi atakayekwenda nakwenda naye. Navaa buibui langu la Idi, nakaa mbele kabisa, na wakiuliza huyu mtoto wa nani, nasema: huyu ndiye Moza wangu."

Ndiye. Neno lile lilimwingia Moza mpaka kwenye mifupa. Hakusema "mmoja katika Mamoza zangu". Alisema *ndiye Moza wangu*. Tangu siku hiyo hakuwa anasoma kemia tena. Alikuwa anatafuta njia ya kurudi kitandani.

Na alijua kusoma, watu wasimkosee. Mtu aliyehifadhi juzuu nane hatishwi na orodha ya majina sitini. Mwalimu Fahmi alisema, "Mwenye kutoa hutajwa mwanzo, na jina lake halibadiliki. Mwenye kupokea hutajwa nyuma, na jina lake hukatwa mkia, akapachikwa mwengine." Sodiam akikutana na klorini, sodiam hubaki sodiam, klorini akawa kloraidi. Kalsiam na oksijeni, kalsiam oksaidi. Moza akaichukua orodha yote akaenda nayo barazani, akakunja miguu, akaanza kuyumba kama anavyoyumba chuoni mbele ya msahafu, mstari mmoja mara kumi, kisha wa pili, kisha yote miwili pamoja. Siku ya tatu alikuwa anayataja hayo majina huku anaosha vyombo. Jaribio la kwanza alipata ishirini juu ya ishirini. Somo wa Wesha alipata kumi na nne.

Siku hiyo Moza alimkirimu somo yake kweli kweli. Alimgawia nusu ya muhogo wake na kumwambia asivunjike moyo.

Lakini yule wa Wesha alikuwa na tabia moja mbaya, alikuwa anauliza. "Mwalimu, kwa nini kalsiam anachukua klorini wawili na sodiam anachukua mmoja?" Mwalimu Fahmi, ambaye tangu ahamie skuli ile hakuwahi kuulizwa kitu isipokuwa ruhusa ya kutoka nje, aliacha kufuta ubao. Akaeleza. Mtoto akauliza tena, akaelezwa tena. Wiki ya pili mwalimu akaandika ubaoni kitu ambacho hakikuwamo katika orodha, magnesiam kakutana na naitrojeni. Moza wa Wingwi alipekua kichwa chake chote, juu mpaka chini, hakukiona. Nyuma yake sauti ikasema polepole, kama mtu anayefikiri njiani, "Magnesiam... naitraidi. Watatu kwa wawili." Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasema, "Ahsante sana, Moza."

Moza wa Wingwi alikuwa ameshainua kichwa. Akakirudisha chini.

Wivu una adabu zake mwanzoni. Huja umevaa vizuri, unabisha hodi, unasema mimi si wivu, mimi ni haki. Moza alijiambia kuwa yeye hamuonei mtu choyo, ila anashangaa tu: mtu aje na begi lake moja, apewe kitanda, apewe bibi, apewe na makofi? Akaanza kuhesabu. Bibi kamwita somo mara tano leo, mie mara mbili. Bibi kamwekea ukoko. Bibi kacheka na yeye uani, na nilipofika wakanyamaza. Hawakunyamaza kwa ajili yake, walikuwa wamemaliza kucheka, lakini mtu mwenye wivu hakubali kuwa kicheko huisha chenyewe.

Lililomuuma kuliko yote ni hili. Bi Moza hakupata kusoma skuli, alisoma chuoni, na herufi azijuazo ni za Kiarabu. Kuhusu kemia, Moza hakuwahi kumwambia hata neno moja, kwa kuona ni kumchosha. Jioni moja anaingia jikoni anamkuta bibi yake ameinua kijiko juu kama bendera, anasema, "Mchuzi huu umepungua sodiam kloraidi!" Na yule mwengine amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anacheka mpaka machozi.

"Somo, wee, kumbe chumvi ina jina lake la ubini!" bibi akamwambia. "Mwenzio kanifundisha. Na chokaa ile ya ukutani pia ina lake. Hebu nikutajie."

"Nalijua, bibi," Moza akasema. Akatoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba, akalia kwa hasira. Alihisi ameibiwa kitu ambacho hakuwahi hata kukitumia.

Jumanne ya wiki ya tatu, siku mbili kabla ya mtihani, Bi Moza alikuwa na miadi ya macho hospitali ya Wete. Moza aliamka mapema akavaa, maana miaka yote yeye ndiye aliyempeleka. Bibi akamtazama.

"Weye nenda skuli, somo. Nikikukosesha kipindi ukafeli, nitajilaumu. Nakwenda na huyu wa Wesha."

Mtu mwengine angesikia kwamba bibi anamtakia mema. Moza alisikia "huyu wa Wesha", basi. Akaenda skuli.

Na siku hiyo ndiyo Mwalimu Fahmi alipofundisha chuma. Alisema kuna metali zisizo na msimamo mmoja. Chuma, kwa Kiingereza aironi, mara hutoa elektroni mbili, mara hutoa tatu, kwa hiyo ukisema "aironi kloraidi" peke yake hujasema kitu. Lazima utie namba ya Kirumi: aironi mbili kloraidi, au aironi tatu kloraidi. Darasa likamkodolea macho. Mwalimu akatafuta mfano, na mfano ulikuwa umekaa mbele yake.

"Nikisema 'Moza', nani ataitika? Mnao wawili humu. Sasa huyu tuliye naye leo, tumwite Moza wa Mbili. Yule asiyekuja, Moza wa Tatu. Mmefahamu? Jina ni lile lile, namba ndiyo inayokwambia nani. Na angalieni, namba haihesabu vyuma vingapi vimo. Inasema chuma kimetoa elektroni ngapi. Wa tatu katoa zaidi ya wa pili."

"Moza wa Tatu mkarimu!" akadakia Suhail, mvulana wa dawati la nyuma ambaye mdomo wake haukuwa na komeo. Darasa zima likacheka. Walifahamu utani, namba hawakuifahamu. Mpaka wakati wa kutoka wavulana walikuwa wanamwita, "Mbili! Ee, Mbili!"

Miaka kumi na tano yuko Wingwi. Hajakosa kipindi. Na leo yeye ndiye wa pili, na mtu ambaye hata darasani hayumo, aliyekwenda Wete na bibi wa watu, huyo ndiye wa tatu aliyetoa zaidi! Njia nzima Moza alikuwa anazungumza peke yake.

Alasiri ile wale wawili walirudi, bibi na miwani mipya, na somo akaja moja kwa moja ukumbini, hata mtandio hajavua.

"Somo, leo mlisoma nini? Nioneshe daftari."

"Daftari lipo kwa mwalimu," Moza akasema. Lilikuwa chini ya godoro alilolikalia.

"Basi nieleze."

Alikuwa na nafasi ya kusema "nimechoka". Alikuwa na nafasi ya kusema "kamuulize mwalimu". Badala yake alisikia mdomo wake unaeleza, kwa utulivu, kama dada mkubwa. "Tulisoma chuma. Chuma kina namba ya Kirumi. Hiyo namba ni hesabu ya vyuma vilivyomo. Kikiwamo kimoja, sema aironi moja. Vikiwamo viwili, aironi mbili. Na kopa vile vile. Ndo hivyo tu."

"Ndo hivyo tu?" Somo akakunja uso, akafikiri. "Mbona rahisi?"

"Rahisi."

"Ahsante, somo. Mungu akulipe."

Husemwa njia ya muongo fupi. Urongo huu ulitembea siku mbili na ulipata wafuasi wengi. Yule wa Wesha alikuwa si mtu wa kupata kitu akakila peke yake. Jumatano jioni chuoni, wakati mwalimu wa chuo amekwenda kuchukua udhu, wasichana wa darasa lake walimzunguka wanalalamika kwamba chuma kimewapita kichwani, namba haziingii, kesho watafeli. Akawatungia wimbo, kwa sauti ile ile wanayoimbia hijai, zile herufi za Kiarabu:

*Chuma kimoja, namba moja,*
*vyuma viwili, namba mbili;*
*hesabu chuma, taja namba,*
*hapo umemaliza.*

Khairat, msichana mwenye sauti kubwa kuliko wote, akasema, "Alaa! Kumbe ni hivi! Mwalimu katuzungusha bure!" Wakauimba mara tatu. Dada akaupeleka kwa kaka yake, kaka akaupeleka uwanja wa mpira. Moza wa Wingwi alikuwa amekaa upande wa pili wa mkeka, msahafu uko wazi mbele yake, macho yamesimama kwenye aya moja. Angeweza kuinua mkono. Aliusikia wimbo wote, na kitu ndani yake kikaogopa, na kitu kingine kikafurahi, na kile kilichofurahi kilikuwa na nguvu zaidi.

Alhamisi wakafanya mtihani. Jumatatu Mwalimu Fahmi akaingia na karatasi mkononi, hakusalimia.

"Darasa hili lina watu arubaini na tatu," akasema. "Sita wameacha wazi. Mmoja kapata. Waliobaki, thelathini na sita, wamekosa kosa moja. FeCl₃ wote wameandika aironi moja kloraidi. Fe₂O₃ wote wameandika aironi mbili oksaidi. Mimi nimesomesha miaka sita. Ujinga wa watu haufanani hivi, kila mtu hukosea kwa njia yake. Huu umefundishwa. Nani kawafundisha?"

Feni la juu lilikuwa halizunguki, halijazunguka tangu skuli ifunguliwe.

"Moza," akasema Suhail.

"Moza yupi?"

Moza wa Wingwi aliinamisha kichwa. Aliangalia mikono yake juu ya dawati. Sasa atanitaja, alijiambia. Atanyoosha kidole, na itakuwa haki yake. Akasikia kiti kinasogea nyuma.

"Mie, mwalimu," akasema yule wa Wesha. "Nilifahamu vibaya."

"Jumanne hukuwapo. Nani kakueleza?"

"Nilijisomea mwenyewe."

Mwalimu akamtazama kwa masikitiko zaidi ya hasira. "Mtu asiyejua anyamaze," akasema. "Wewe nilikuwa nakutegemea. Kaa." Kisha akainua karatasi ya juu. "Atakayekwenda Chake ni Moza wa Mbili."

Hakuna aliyepiga makofi. Khairat alikuwa amemgeukia yule wa Wesha anamtupia jicho la kumla. Moza alikipata alichokitaka, mbele ya watu arubaini na tatu, na alikipokea kama mtu anayepokea samaki aliyeoza, huwezi kumtupa mbele ya aliyekupa.

Njiani walirudi pamoja, maana njia ni moja. Walipita mashamba mawili. Kwenye kivuko cha mto, somo akasimama.

"Siku ile ulikuwa umechoka, somo? Ukachanganya?"

Alimfungulia mlango wa udhuru mwenyewe. Moza akaingia. "Nilichanganya. Hata mie nimekuja kujua siku ya mtihani."

Somo akashusha pumzi, akatabasamu, kidogo tu. "Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa isije ikawa kusudi. Nimekaa tangu asubuhi najiambia haiwezi kuwa, somo hamfanyii somo ubaya." Akamshika mkono kumvusha.

Bi Moza alikuwa barazani anapukuchua kunde, miwani mipya juu ya pua. Aliwaona tangu mbali, akaweka ungo kando.

"Njooni, njooni! Msiniambie bado. Kwanza mnisikilize mie." Akajikohoza, akaanza kuyumba, na kwa sauti yake ya chuoni, ile aliyohifadhia Kurani akiwa na miaka saba, akasoma wimbo wote bila ya kukwama:

"Chuma kimoja, namba moja, vyuma viwili, namba mbili. Hesabu chuma, taja namba, hapo umemaliza. Eh? Nimekosea?"

Somo wa Wesha akainama, akachukua ndoo tupu, akaenda kisimani. Bibi hakuliona hilo, alikuwa na furaha yake.

"Siku nne nahifadhi. N'kasema hawa wanangu wakirudi na ushindi, na mie nisiwe kama gogo, niwe na langu la kusema huko Chake. Mwenzio kanisomesha tukilala. N'kamuuliza, na weye kakusomesha nani? Kanambia, somo yangu. Kasema, bibi, mwenye elimu ni yule, mie ananigawia tu." Bi Moza akafuta miwani kwa ncha ya kanga. "Nilishukuru, wallahi. Nilikuwa n'na wasiwasi mwaoneana choyo."

Moza alisimama na begi lake begani. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiki. Mwanamke huyu, ambaye hajapata kushika kalamu ya skuli, amekaa siku nne anakisomesha kichwa chake cha miaka sabini jambo moja la elimu yao, na jambo lenyewe ni urongo wake yeye.

"Bibi," akasema. "Huo wimbo si kweli."

"Si kweli vipi? Kakosea nani?"

"Hakukosea mtu. Namba haihesabu vyuma. Nilimwambia hivyo kusudi, afeli." Akalishusha begi. "Nilitaka uende na mie."

Bi Moza aliuvuta ungo akaendelea kupukuchua kunde, moja, mbili, tatu, mpaka Moza akadhani hakusikia. Kisha akasema, bila ya kuinua macho:

"Mie kichwa hichi kina ila moja. Kitu kikishaingia hakitoki. Ungelikumbuka hilo, somo, kabla hujapeleka kitu humu."

Ingelikuwa nafuu kama angelimpiga.

Somo alirudi na ndoo kichwani, na Moza akamwambia hapo hapo, kabla hajaitua, kwamba hakuchanganya. Alisema kwa haraka, maneno yakipandiana. Yule wa Wesha akaitua ndoo mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Akasema neno moja, "Haya," akaingia ndani.

Asubuhi Moza alikwenda kwa Mwalimu Fahmi kabla ya kengele. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwamuru arudie mbele ya darasa, akarudia, na watu thelathini na sita wakamwangalia. Mtihani ukarudiwa wiki iliyofuata. Yeye hakuruhusiwa kuufanya. Moza wa Tatu aliongoza, akaenda Chake, na Bi Moza akaenda naye na buibui lake la Idi. Walishika nafasi ya nne. Waliporudi walileta haluwa, na Moza alipewa kipande chake sawa na watu wote.

Tangu jioni ile ya ndoo, somo hakumsemesha kwa siku kumi na moja. Siku ya kwanza alitoa begi lake chini ya kitanda, akachukua godoro la ukumbini, akasema huko ndani kuna joto. Bibi hakubishana. Kwa hiyo Moza alirudi kitandani kwa bibi yake, pahala pake pale pale pa ukutani alipopatamani tangu Januari. Alikaa macho usiku mzima anasikiliza mwenziwe anajigeuza ukumbini.

Siku ya kumi na mbili yule wa Wesha alimuuliza ufagio uko wapi. Wakaanza tena kutoka hapo, kidogo kidogo, na sasa husoma pamoja, ingawa kila Moza anapomweleza kitu, mwenziwe hukifungulia kitabu akakihakikisha kwanza. Hufanya hivyo bila ya kuficha, na Moza humngoja.

Ama Bi Moza, alifundishwa wimbo wa kweli. Mamoza wote wawili walikaa naye, jioni tatu, wakamsomesha kwamba namba ni ya elektroni zilizotolewa. Akaitikia, akarudia, akasema amefahamu. Lakini akija mgeni, awe jirani, awe mkwe kutoka Makangale, bibi hawezi kujizuia. Husubiri chai imiminwe, hujikohoza, huyumba, na kinachotoka ni kile kile cha mwanzo, hesabu chuma, taja namba, hapo umemaliza. Ni kichwa chake kweli hakitoi kitu, au ni makusudi, hakuna anayejua, na hakuna anayethubutu kumuuliza.

Wageni husifu. Husema, mashaallah, Bi Moza, umri huu na unajua mambo ya skuli, nani kakufundisha?

Naye humnyooshea kidole mjukuu wake wa Wingwi, aliyeshika birika.

"Huyo hapo," husema. "Huyo ndiye Moza wangu."